Geoffrey Milne: Aliyeusoma udongo kutoka kilimani hadi mbugani

MFUGAJI anayeshusha ng'ombe wake kutoka kwenye miinuko ya Tlawi, wilayani Mbulu mkoani Manyara, hupita juu ya zaidi ya aina moja ya udongo kabla hajafika bondeni. Juu ardhi ni nyepesi na maji hupotea haraka. Chini ni nzito, hushika tope wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Majani nayo hubadilika, miti hubadilika, na ng'ombe mwenyewe hubadilisha mwendo na namna ya kula.

Kila mfugaji anajua jambo hilo kwa macho yake. Lakini miaka ya 1930 alikuwapo mtaalamu mmoja hapa hapa Tanganyika aliyeligeuza kuwa kanuni ya sayansi, na leo kanuni hiyo inafundishwa katika vyuo vya kilimo duniani kote. Jina lake ni Geoffrey Milne. Hakuwa mfugaji, wala hakuja nchini kuangalia ng'ombe. Alikuwa mkemia wa udongo. Hata hivyo, kazi aliyoiacha ina faida kubwa kwa mtu mwenye ng'ombe watano na kipande cha malisho chenye miti kuliko wengi wanavyofikiri.

Faida hiyo ni ya fedha. Ng'ombe anayelishwa mahali pasipofaa, wakati usiofaa, hukonda, na ng'ombe aliyekonda huuzwa mnadani kwa hasara. Ardhi inayokanyagwa wakati usiofaa huharibika, na kuirudisha huchukua miaka mingi kuliko iliyotumika kuiharibu.

Kituo cha Amani

Milne alizaliwa mwaka 1898 na alikuwa raia wa Uingereza. Alifika Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1920 kufanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga.

Amani haikuwa mahali pageni kwa utafiti. Wajerumani walianzisha taasisi ya baiolojia na kilimo hapo mwaka 1902, wakapanda miti na mimea kutoka pembe nyingi za dunia ili kuona ipi ingestawi Afrika Mashariki. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kituo kilidorora, kisha Waingereza wakakifufua mwaka 1927 ili kihudumie Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar kwa pamoja.

Hapo ndipo Milne alipopata nafasi ambayo wakemia wengi hawakuwa nayo. Wenzake katika kila koloni walishughulikia mashamba ya koloni lao. Yeye aliweza kuangalia eneo zima kwa jicho moja, kutoka pwani hadi maziwa makuu.

Tatizo lililomkabili lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitatua. Kila mkemia alikuwa na majina yake ya udongo. Udongo mwekundu wa huku uliitwa hivi, na wa kule uliitwa vingine, ingawa mkulima angeushika mkononi angesema ni ule ule. Mwaka 1932 wataalamu hao walikutana Amani kuzungumzia jambo hilo, na mwaka 1934 wakakutana tena Zanzibar. Milne alikuwa katikati ya kazi hiyo. Walikubaliana kutengeneza ramani moja ya udongo wa Afrika Mashariki.

Ramani iliyokataa kuchoreka

Ramani ya namna hiyo ilitakiwa kuonyesha nchi kubwa kwenye karatasi ndogo. Huko Ulaya na Urusi wataalamu walikuwa wamezoea kuchora maeneo mapana yenye udongo wa aina moja, kwa sababu hali ya hewa na mimea hubadilika polepole katika nchi tambarare.

Nchi yetu haiko hivyo. Mtu akitembea kilomita moja tu kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni, udongo hubadilika mara tatu au nne. Akipanda kilima kinachofuata, anakutana na udongo ule ule kwa mpangilio uliogeuzwa. Ukitaka kuchora kila kipande, hakuna karatasi itakayotosha. Ukichora rangi moja tu, umesema uongo.

Milne aliona kwamba kosa lilikuwa kwenye swali lenyewe. Badala ya kutafuta udongo wa aina moja, alichora mpangilio. Alisema kuwa udongo wa juu, wa kati na wa chini ni kama pete za mnyororo mmoja. Zinashikana, na ukivuta moja nyingine hutikisika. Akachagua neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, nalo ni katena.

Wazo hilo alilichapisha mwaka 1935, na mwaka huo huo akalifikisha kwenye mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa udongo uliofanyika Oxford, Uingereza. Ramani ya muda ya udongo wa Afrika Mashariki ilitoka mwaka 1936, na mnyororo ukawa kipimo chake. Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 alisafiri sehemu mbalimbali za Tanganyika akichimba mashimo, akiangalia tabaka za udongo na kuandika ni mimea gani iliyosimama juu yake.

Mnyororo unavyofanya kazi

Hapa inafaa mfugaji asome taratibu, kwa sababu ndipo penye mali.

Mvua inaponyesha mlimani, maji huchukua njia mbili. Mengine huteremka juu ya ardhi yakibeba chembe laini za udongo na kinyesi. Mengine huzama, kisha hutembea chini kwa chini kuelekea bondeni yakibeba chumvi na madini yaliyoyeyuka. Njia zote mbili huishia chini. Kwa miaka elfu nyingi mlima hupungukiwa na bonde huongezeka.

Kwa hiyo juu hubaki udongo unaopitisha maji vizuri. Mara nyingi huwa mwekundu, kwa sababu chuma kilichomo hupata hewa ya kutosha na kushika kutu. Katikati ya mteremko rangi hufifia kuwa ya kahawia, njano au kijivu, na mchanga huwa mwingi. Karibu na mguu wa mteremko, pale maji ya chini kwa chini yanapokaribia kutokea, mara nyingi kuna tabaka gumu kama sakafu, na mahali pengine chumvi huonekana. Chini kabisa ni mbuga yenyewe, udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, wakati mwingine wenye vijiwe vyeupe vya chokaa.

Milne alitofautisha aina mbili za mnyororo. Katika ya kwanza mwamba ni mmoja kutoka juu hadi chini, na tofauti yote ya udongo inaletwa na maji na mteremko. Katika ya pili mlima umejengwa na miamba zaidi ya mmoja, hivyo tofauti inatokana na mwamba pia. Hii ina maana kubwa kwa mkoa wa Manyara. Miinuko ya Mbulu kwa sehemu kubwa imekaa juu ya miamba ya kale sana, wakati mlima Hanang ni volkano. Mteremko wa Tlawi na mteremko wa Katesh unaweza kufanana kwa macho, lakini haviwezi kutoa majani sawasawa, na mfugaji asinakili tu cha jirani wa wilaya nyingine.

Jambo jingine alilolieleza mwaka 1936 ni kwamba mmomonyoko wa polepole ni sehemu ya maisha ya udongo tangu zamani. Ndio uliotengeneza mabonde yenye rutuba. Hatari huanza pale kasi inapozidi uwezo wa mwamba kuzaa udongo mpya. Kwato nyingi juu ya mteremko mtupu huongeza kasi hiyo.

Somo la Bukoba

Mwaka 1938 Milne alichapisha makala kuhusu Bukoba ambayo kila mfugaji wa nyanda za juu angepaswa kuijua.

Bukoba mvua ni nyingi, na maji yamekuwa yakiosha udongo kwa muda mrefu mno. Nje ya vijiji kuna rweya, nyika za majani zenye udongo mchovu. Ndani ya vijiji kuna vibanja vya migomba na kahawa vilivyostawi sana. Mgeni angedhani wenyeji walichagua udongo mzuri wakajenga hapo, na kuacha mbaya.

Uchunguzi wa Milne ulionyesha kwamba tofauti hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa kazi ya mikono ya watu na midomo ya ng'ombe. Mchana ng'ombe walikula rweya. Usiku walilala nyumbani na kuacha samadi. Majani nayo yalikatwa rweya na kuletwa kutandazwa chini ya migomba. Kizazi baada ya kizazi, rutuba ilihamishwa kutoka nyikani kwenda kibanjani.

Hesabu hiyo ina upande wa pili ambao haupaswi kufichwa. Kibanja kilipotajirika, rweya ililipa. Ng'ombe ni mchukuzi. Huchukua rutuba anakokula na kuishusha anakolala. Mfugaji ambaye hajui ng'ombe wake wanachukua wapi na kushusha wapi, ni sawa na mwenye duka asiyejua bidhaa zinatoka kwa mlango gani.

Wairaqw wa Mbulu wanaielewa hesabu hii vizuri. Katika Mama Isara, kitovu chao cha zamani, ng'ombe wamelazwa ndani ya nyumba na samadi kupelekwa mashambani kwa vizazi vingi, huku matuta yakipita kukinga maji kwenye miteremko. Ndiyo sababu eneo hilo dogo liliweza kulisha watu wengi bila kuchoka upesi.

Ng'ombe juu ya mnyororo

Baada ya Milne, watafiti wengine walitumia wazo lake kuangalia wanyama. Maarufu zaidi ni Richard Bell, aliyechunguza Serengeti na kuchapisha matokeo yake mwaka 1971. Alionyesha kuwa wanyama hawatembei ovyo. Wakati wa mvua hukaa sehemu za juu zenye majani mafupi, kisha nchi ikikauka hushuka mteremko hatua kwa hatua. Pundamilia hutangulia na kula mabua marefu, nyumbu hufuata, na swala tomi huja mwisho kuokota majani madogo yenye lishe yaliyobaki karibu na ardhi.

Mfugaji mwenye malisho yenye miti anaweza kufuata mpango huo huo kwa ng'ombe wake, hata kama eneo lake ni dogo.

Wakati wa mvua, mahali pa ng'ombe ni juu na katikati ya mteremko, mradi majani yameshika. Udongo wa huko hukauka haraka, kwato hazizami, na majani machanga yana protini nyingi. Mbugani wakati huo ni hasara tupu. Udongo mweusi ulioloa hukanyagwa ukawa kama tofali, mizizi hukatika, na maji ya mvua inayofuata hayazami tena. Kwato zinazokaa kwenye tope huoza. Konokono wa maji nao hueneza minyoo ya ini, ambayo hukondesha ng'ombe bila mwenye mali kuelewa sababu.

Wakati wa kiangazi mambo hugeuka. Juu majani yamekauka na kugeuka mabua yasiyo na lishe. Mbuga bado ina unyevu chini, na majani hubaki kijani kwa wiki nyingi zaidi. Hapo ndipo akiba ya mwaka ilipo, na mtu aliyeiharibu masika hana pa kukimbilia.

Sehemu zenye chumvi karibu na mguu wa mteremko hupendwa sana na mifugo, kwa sababu majani yake ni mafupi na yana madini. Lakini ndizo dhaifu kuliko zote. Juu yake ni udongo mwembamba uliokaa kwenye tabaka gumu. Ukiondoka, hakuna kinachoota, na makorongo huanzia hapo. Ng'ombe wapite na kuondoka. Wasishinde hapo.

Mteremko wenyewe pia huamua. Ng'ombe hapendi kupanda mkali. Akiachwa huru hula sana mahali tambarare na karibu na maji, na sehemu za juu zenye mwinuko huachwa na majani yakazeeka. Njia yake ya kila siku ikinyooka kutoka juu hadi kisimani, baada ya masika chache inakuwa mfereji. Njia ipite mshazari, na ihamishwe kabla haijachimbika.

Miti nayo ina mahali pake

Kila pete ya mnyororo ina miti yake. Kwenye udongo mweusi wa mbuga nyingi za Tanzania utakuta migunga mifupi yenye vijungu vinavyokaliwa na sisimizi. Miti inayotaka udongo unaopitisha maji ikipandwa hapo hufa masika ya kwanza, na mwenye shamba hulaumu mbegu.

Mti katika malisho hufanya kazi tatu. Kivuli chake hupunguza joto, na ng'ombe asiyeteseka na jua hula zaidi. Majani na maganda yake ni chakula cha kiangazi. Mizizi yake huvuta madini kutoka chini na kuyarudisha juu kupitia majani yanayoanguka, hivyo nyasi zilizo chini ya mti mara nyingi huwa za kijani kwa muda mrefu zaidi.

Kuna tahadhari moja. Ng'ombe hukusanyika kivulini na kuacha kinyesi kingi hapo. Mti ukiwa mmoja tu katika malisho yote, rutuba yote huishia chini yake na ardhi hukanyagwa hadi kuwa ngumu. Miti michache iliyotawanyika hugawa kivuli, na pamoja nacho hugawa samadi.

Milne mwenyewe aliligusa suala la miti. Makala aliyoiandika pamoja na W. E. Calton, iliyotoka mwaka 1944 akiwa ameshafariki, ilihusu uhusiano kati ya kufyeka uoto wa asili na udongo kushika chumvi. Uoto wa asili hutumia maji mengi yaliyo ardhini. Ukiondolewa, maji hayo hupata nafasi ya kutembea na kupanda, yakileta chumvi karibu na uso wa ardhi. Anayekata miti ya juu anaweza kuwa anaharibu malisho ya chini, pengine ya jirani yake.

Kifo cha mapema, na ushauri uliopuuzwa

Mwaka 1938 Milne alisafiri kwenda visiwa vya Karibi na Marekani kujifunza udongo wa huko, na ripoti ya safari hiyo ilichapishwa mwaka 1940. Alifariki mwaka 1942, kabla hajafikisha miaka 45. Maelezo ya safari yake ya Tanganyika ya 1935 na 1936 yalichapishwa mwaka 1947, miaka mitano baada ya kifo chake.

Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na kazi yake ilikusudiwa kuihudumia serikali hiyo. Pia hakuwa wa kwanza kuuona mnyororo. Wasukuma, kwa mfano, wana majina ya tangu zamani kwa kila hatua ya mteremko. Luseni ni udongo mwepesi wa mchanga wa sehemu za juu, itogolo ni ule wa chini wenye tabaka gumu unaotumika zaidi kwa malisho, ibambasi ni ule wenye chumvi, na mbuga ni ule mweusi wa bondeni. Sayansi iliwafuata wakulima, haikuwatangulia.

Jambo la kusikitisha ni kwamba serikali yenyewe haikuyazingatia sana mafunzo hayo. Baada ya vita zilikuja kampeni za kuhifadhi ardhi zilizolazimisha dawa moja kwa kila mlima. Huko Uluguru wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye udongo ambao rutuba yake ilikuwa juu juu tu. Matuta yakafukua udongo mbovu wa chini, mavuno yakashuka, na mwaka 1955 watu wakafanya ghasia.

Kwa wafugaji dawa moja hiyo ilikuwa kupunguza ng'ombe. Mbulu ni kati ya maeneo yaliyoguswa na mipango hiyo. Hata baada ya Uhuru fikra hiyo iliendelea. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa, lenye kilomita za mraba 1,256, kusini mwa Hanang na Babati. Majani na miti vilirudi, hilo ni kweli, lakini familia zilitengana na mifugo yao, na baadaye ilibidi ng'ombe wachache warudishwe kwa kulishwa ndani.

Idadi ya ng'ombe ni jambo la kweli na haifai kudharauliwa. Eneo likizidiwa limezidiwa. Lakini mnyororo wa Milne unaongeza maswali mawili ambayo amri zile hazikuuliza, yaani wapi na lini. Ng'ombe kumi mbugani mwezi Aprili wanaweza kuharibu kuliko ishirini hapo hapo mwezi Septemba.

Shinyanga ilivyojibu

Mfano mzuri wa majibu ni ngitili ya Wasukuma. Ngitili ni eneo la majani na miti linalofungwa mvua zinapoanza, kisha hufunguliwa kiangazi kipande kwa kipande. Desturi hiyo ilikaribia kupotea baada ya watu kuhamishwa kwenda vijijini miaka ya 1970. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulianza mwaka 1986 na kumalizika 2004, na uliijenga upya kazi yake juu ya desturi hiyo. Inakadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto.

Ngitili haikuhitaji fedha nyingi. Ilihitaji makubaliano ya nani afunge nini, wapi na hadi lini, pamoja na sungusungu na serikali za vijiji kusimamia.

Cha kufanya Tlawi

Tlawi na vijiji vya jirani vya Mbulu na Hanang vina faida ya kuanzia. Samadi inathaminiwa, na watu wamezoea kulima kwenye miteremko. Vina pia shida ya kweli, kwa kuwa mashamba yanapanuka na sehemu iliyobaki kwa malisho inapungua, mara nyingi ikibaki ile ya mwinuko mkali au ya majimaji ambayo jembe limeishindwa.

Mfugaji anayetaka kutumia kazi ya Milne aanze kwa jembe. Achimbe mashimo manne, juu, katikati, mguuni na bondeni, kila moja la kina cha goti hadi kiuno. Atazame rangi, atazame ni wapi panapoanza kuwa pagumu, na aloweshe udongo kidogo kiganjani. Usiofinyangika kabisa ni wa mchanga. Unaovingirika kama uzi mrefu ni wa mfinyanzi. Siku moja ya kazi hiyo itampa ramani ya shamba lake.

Baada ya hapo agawe mwaka. Sehemu ya bondeni ifungwe masika na ifunguliwe kiangazi. Ya juu itumike mvua ikishika, lakini siyo siku za mwanzo, bali majani yakishafika kimo cha kukanyagika bila kung'oka. Pale mteremko unapokuwa mkali, majani yakatwe na kupelekwa bandani. Kwenye makinga maji yapandwe majani ya tembo au ya gwatemala pamoja na miti ya lishe. Kingo hushika udongo, na majani yake hujaza zizi.

Mwisho, azungumze na majirani. Mnyororo hauheshimu mipaka ya mashamba. Wa juu akifyeka, wa chini hupata mchanga na korongo. Desemba 3, 2023 tope na mawe kutoka mlima Hanang viliteremka baada ya mvua kubwa na kuua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani. Janga lile lilikuwa na chanzo chake katika mlima wenyewe na haifai kumlaumu mfugaji yeyote. Lakini lilionyesha wazi kwamba anayeishi bondeni anaishi na kila kinachotokea juu yake.

Neno katena leo limo katika vitabu vya udongo vya kila bara, na tangu 1973 kuna hata jarida la kisayansi lenye jina hilo. Wanaolisoma huko mbali hawajui Mbulu ni wapi. Mfugaji wa Tlawi hahitaji kulisoma. Ana mnyororo mzima nyuma ya nyumba yake, na gharama ya kuusoma ni jembe na siku moja kabla ya mvua.